Robo Mzunguko

Zamani watu wakiniuliza nani aliibadilisha sauti ya bendi yetu, nilikuwa najipiga kifua. "Mimi," nasema. "Nilitaka roki yetu izame chini kama shimo la mgodi, iwe na uzito wa mwamba." Nilimwambia hivyo mwandishi wa gazeti, naye akaandika, na mama yangu akakibandika kile kipande cha gazeti ukutani jikoni. Uongo mtupu! Sikujua kama ni uongo, lakini uongo ni uongo tu, hata ukiusema kwa moyo safi.

Naitwa Kasuba. Nilikuwa mwimbaji wa Inkuba, yaani Radi, bendi ya mji wetu wa shaba. Tulikuwa wanne. Gitaa alipiga Ng'andwe, kaka yangu wa tumbo moja, mwenye nywele za kichaka na kiatu cha kisigino kirefu kuliko akili zake. Besi alipiga Sampa, mtu wa maneno machache, ukimwuliza hujambo anafikiri kwanza. Ngoma alipiga Yobe Jere, fundi wa nyumba ya mitambo pale mgodini.

Sisi watatu ni Wabemba, Jere ni Mngoni. Babu zetu walipigana hadi wakachoka, wakawaachia wajukuu utani: sisi tunaitwa wala nyani, wao wala panya. Jere akinikuta nalia atauliza kama nimekosa nyani wa kitoweo. Nami nikimkuta kwenye sherehe amevaa suti, nitauliza mbele ya wakwe zake kama mifukoni amebeba panya. Kukasirika ni mwiko. Na mtu akifa, watani ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaokaa mlangoni kuwachokoza wafiwa mpaka wacheke. Basi huyo Jere alinitukana kila siku ya Mungu kwa miaka minane, nami sikumwacha alale akinidai.

Sasa niwaambie tulivyokuwa tukioanisha nyuzi. Bendi nyingine zina chuma kidogo cha kupimia sauti, unakigonga kinalia, mnafuata. Chetu Ng'andwe alikipoteza mwaka wa kwanza, nadhani alikiuza. Lakini shida iko wapi? Mgodi ulikuwa na king'ora, filimbi kubwa ya shaba juu ya paa la nyumba ya mitambo, kikilia mji mzima unasikia, mpaka makaburini. Kila Jumamosi saa nane mchana, zamu ya asubuhi ikitoka, king'ora kinalia dakika nzima, na Ng'andwe anaukaza uzi wa tano mpaka ufanane nacho. Sampa anamfuata Ng'andwe, na mimi nawafuata wote wawili. Jere hakuwepo wakati huo. Yeye ndiye aliyekuwa akikifungulia hewa hicho king'ora, kisha anapanda baiskeli na kuja mbio ukumbini tulikofanyia mazoezi, jasho linamtiririka, anaingia akiuliza, "Nyani wameshashuka mtini?"

Ngoma haihitaji kuoanishwa na king'ora, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza Jere lolote kuhusu nyuzi.

Mwaka wa sabini na moja, tulipoanza, tulikuwa tunapiga kwa kasi na kwa juu. Wee! Ng'andwe alikuwa na kisanduku cha kukwaruza sauti, akikikanyaga gitaa linakoroma kama simba mwenye mafua. Tuliimba Kiingereza cha kuokota, maneno mengine hata hatuyajui maana. Kisha nikatunga wimbo kwa Kibemba chetu, nikauita "Umulilo", maana yake moto, na huo ndio uliotutoa. Mwisho wake kulikuwa na sauti moja ya juu, ya juu kabisa, nilikuwa naishika nikiwa nimefumba macho na kuhesabu mpaka nane. Wachimbaji wanarusha kofia zao hewani. Tukaurekodi na kinanda cha kuazima, ukapigwa redioni, na watoto mitaani wakawa wananiita Mama Moto kabla sijazaa hata mmoja.

Mwaka wa sabini na tatu nikaota uvimbe kooni. Nikapasuliwa, nikapona, na daktari akaniambia kwa upole kwamba nisahau kuimba kwa juu, nimshukuru Mungu nina sauti ya kuitia watoto. Nilitoka pale nimefura. Jumamosi hiyo hiyo nikaenda ukumbini na kitambaa shingoni.

"Dada," Ng'andwe akaniambia, "tuushushe kidogo 'Umulilo'. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Kidogo tu."

Nikapanda juu ya kreti la soda ili wanione vizuri. "Nisikilizeni nyote! Siku nitakayoushusha wimbo huu, siku hiyo nichimbieni kaburi. Mmesikia?"

Sampa akatazama viatu vyake. Jere akajikuna kidevu, akasema, "Kaburi la nyani nachimba kwa kijiko," na wote tukacheka, nikajiona nimeshinda.

Lakini sauti haikuja. Nilipofika pale juu, koo likafunga kama mlango wa duka. Jumamosi ya pili, vilevile. Nikaanza kumeza mayai mabichi na tangawizi kila alfajiri, nikasali, nikatafuna mizizi ambayo bibi yangu aliniletea kutoka kijijini. Jumamosi ya tatu nilikaribia, na ya tano nikaifikia! Mikwaruzo ilikuwepo, lakini niliishika nikahesabu mpaka nane, na nikalia pale pale mbele ya wanaume bila haya. Jere akapiga sahani zake za shaba kunishangilia.

Toka siku hiyo nikawa daktari. Kila mwanamke wa kwaya aliyekohoa nilimwandikia mayai na tangawizi. Nimewamezesha watu mayai mabichi mji mzima, Mungu anisamehe.

Miaka ikaenda, na sauti ya Inkuba ikabadilika bila mtu kutoa amri. Nyuzi za Ng'andwe zikawa zinalegea, zikipigwa zinacheza kama kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo akanunua nene zaidi. Sampa naye akanunua nene. Nyuzi nene hazitaki haraka, basi Jere akapunguza mwendo. Nami kwa kuwa mwendo ulikuwa wa polepole nikaanza kutunga nyimbo za mambo mazito, nyimbo za vumbi la mgodini, za mume anayerudi na kikohozi, za wajane wanaopewa siku chache wahame nyumba ya kampuni. Watu waliokuwa wakiruka sasa wakawa wanayumba, wameshikana mabega, wengine wanalia. Bendi za miji ya jirani zikaja kutusikiliza, zikarudi kwao zikajaribu kutuiga, zikashindwa. Walikuwa na magitaa kama yetu na visanduku kama vyetu, ila ule uzito hawakuupata. Ndipo yule mwandishi wa gazeti alipokuja, nikamwambia habari za mwamba.

Mwaka wa sabini na tisa tukaitwa Lusaka. Mwenye studio alikuwa Bwana Sitali, mtu wa kabila la Lozi, mtanashati, anayezungumza taratibu kama mtu anayepima dawa. Alituambia mambo wazi. Atatoa santuri yetu nzima, nyimbo kumi. Lakini ya kwanza lazima iwe "Umulilo", irekodiwe upya na kinanda kama zamani, kwa sababu ule mkanda wa kwanza ulishaharibika na watu bado wanauulizia. "Umulilo" usipokuwa tayari ndani ya siku mbili, santuri hakuna, na studio inapewa bendi nyingine.

"Siku mbili?" nikamwambia. "Bwana Sitali, nipe saa moja na chai."

Kinanda alipiga Mwalimu Inonge, mama wa makamo, mpiga kinanda wa kanisani, miwani puani na mkoba mapajani. Alitusalimia kwa adabu, akakaa, akabonyeza. Ng'andwe akapiga. Mama yangu! Ilikuwa kama paka wawili ndani ya gunia moja.

"Kinanda chako kibovu, Mwalimu," Ng'andwe akasema.

"Kilipimwa wiki iliyopita, mwanangu."

"Basi aliyekipima alikuwa amelewa."

Mwalimu hakubishana. Akafungua mkoba, akatoa kile chuma cha kupimia, akakigonga kwenye goti na kukisimamisha juu ya meza. Chuma kikalia sawasawa na kinanda. Sampa akasogea, akainamisha sikio, akasikiliza muda mrefu.

"Ni sisi," akasema.

Ng'andwe akaanza kukaza nyuzi zifuate kinanda. Akakaza, akakaza, uzi wa kwanza ukakatika ukamchapa mkononi. Wakabadilisha zote, wakaweka nyembamba za studio, na ikachukua nusu ya asubuhi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye maiki nalaani mgodi, kwamba king'ora kimezeeka na kimetudanganya na hakuna anayekitengeneza. Jere alikuwa kimya nyuma ya ngoma zake. Ningekuwa na akili ningejua hapo hapo, maana Jere kunyamaza ni kama mvua kunyesha kiangazi.

Tukapiga "Umulilo" kwa sauti yake ya kwanza, ya mwaka wa sabini na moja. Mstari wa kwanza ukanibana, wa pili nikaupanda kwa vidole vya miguu, na nilipofika mwisho, pale kwenye ile sauti ya juu, nilifungua mdomo ikatoka hewa. Hewa tupu! Halafu kitu kama jogoo anayejifunza.

"Tena," nikasema.

Mara ya pili. Mara ya tatu. Nikanywa maji ya moto, nikavua viatu, nikaomba kila mtu ageuke asinitazame. Mara ya saba koo likaanza kuwaka. Ng'andwe akaweka gitaa chini, nikamwambia aliokote. Mara ya kumi na moja nikaonja damu, nami nikasema tena, na nilikuwa nasema kweli, ningesimama pale mpaka nianguke.

Bwana Sitali ndiye aliyezima mashine. Akaja, akanigusa bega. "Mama Kasuba, usijiumize. Mwalimu ana binti kwenye kwaya yake, sauti safi kama maji. Kesho asubuhi atakuja, ataimba ile sauti moja tu ya mwisho. Tutaiunganisha na yako, na hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," nikasema, na nikasikia maneno hayo hayo niliyoyasema miaka sita nyuma nikiwa juu ya kreti la soda.

"Basi una mpaka kesho," akasema. "Baada ya hapo namwita binti, ama naiita bendi nyingine."

Wakatuletea chakula uani, ubwali, yaani ugali wetu, na viwavi wa kukaanga, na mimi sikuweza kumeza. Nilikaa juu ya tofali, mgongo ukutani. Wenzangu wakaona uso wangu, wakahamia upande wa pili. Jere peke yake akaja na sahani yake akachuchumaa mbele yangu.

"Kula, we mla nyani. Hawa viwavi wamekufa bure?"

"Niondokee, Yobe. Leo sitaki utani."

"Kukataa utani kuna faini. Kuku mmoja."

"Nitakupa kuku akiwa na mayai yake. Niache!"

Hakuondoka. Akaweka sahani chini, akafuta mikono kwenye suruali. "Kasuba, usikilaani king'ora. Hakijazeeka. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ndani ya ile filimbi mna kizibo. Ukikirudisha nyuma kwa spana, sauti inashuka. Ile Jumamosi uliposimama kwenye kreti ukasema tukuchimbie kaburi, niliona hutasikia la mtu. Sikio la kufa halisikii dawa. Basi Jumatatu nikapanda paani, nikazungusha robo. Robo mzunguko tu. Jumamosi iliyofuata, bado; nikaongeza robo, na ya tatu nikaona umekaribia. Nikaongeza robo."

Nikamtazama.

"Ukaifikia. Ukalia. Nikajua nimemaliza kazi," akaendelea. "Lakini mwaka uliofuata, Pasaka, nikasikia umeanza tena kukwaruza. Nikapanda paani. Na mwaka mwingine. Kila Pasaka, robo, robo. Kaka yako hana masikio, ana nywele tu. Angezungusha mtu mara moja yote mngejua, lakini robo nani anaisikia?"

"Mayai," nikasema. Ndilo lililonitoka.

"Mayai hayana kosa. Yanashibisha."

Nikavua kiatu nikamtupia. Kikampata sikioni. Akakiokota, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama anakabidhi zawadi, na hilo likanipandisha zaidi.

"Umenifanya kikaragosi! Miaka sita najigamba! Nimeongea na gazeti, Yobe! Nimesema falsafa!"

"Nililisoma. Nilicheka mpaka nikaanguka kwenye baiskeli."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia vipi, na wewe umeapa kaburi? Ningekuambia, ungeacha kuimba. Si ungeacha?" Mara hii hakuwa anacheka. "Mimi mtani wako. Kazi yangu ni kukuchimbia kaburi, sawa, lakini siyo kabla ya siku yake. King'ora kikilia alfajiri, mji mzima unaamka kwa sauti yako, Kasuba. Watu elfu ngapi wale. Wanaamka, wanavaa buti, wanashuka shimoni kwa sauti yako. Wazee wa kwaya wanasema siku hizi nyimbo za Mungu zimekuwa rahisi kuimba, hawajui kwa nini. Hata wao wanaanzia kwenye king'ora."

Nikainuka nikatoka uani, nikazunguka nyumba ile mara tatu, sijui nilikuwa natafuta nini. Aibu ilinishika kama homa. Mzunguko wa kwanza nilitaka kwenda kituo cha basi nirudi kwetu bila mzigo. Mzunguko wa pili nikamkumbuka mjane mmoja, Mama Chola, ambaye kila tukipiga wimbo wa wajane husimama mbele kabisa na kuimba nami kila neno. Mtu yule hajawahi kuniuliza nimepanda juu kiasi gani. Mzunguko wa tatu nikaanza kuzihesabu nyimbo zote nilizotunga tangu upasuaji. Zote nzuri kuliko "Umulilo". Zote zimezaliwa kwenye zile robo za Jere. Bila nyuzi kulegea zisingekuwepo, tungekuwa bado tunaruka na kukoroma Kiingereza tusichokijua.

Mficha maradhi kilio humfichua, ndivyo wanavyosema, na mimi kilio changu kilikuwa kimeshanifichua mbele ya Bwana Sitali. Cha kuficha kilikuwa hakijabaki. Nikarudi ndani.

"Ng'andwe, toa nyuzi hizo nyembamba. Rudisha zetu. Tunapiga kwa sauti ya king'ora."

"Dada, king'ora kiko kwetu. Hapa Lusaka tutakisikia wapi?"

"Yobe anacho."

Jere akaona soni, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona hivyo. Kisha akajaza kifua, akafumba macho, akatoa sauti ya king'ora kwa mdomo, dakika nzima, pamoja na ule mkoromo wa mwanzo hewa inapopanda bombani. Ilikuwa yenyewe! Hata Bwana Sitali aliangalia saa kama zamu imetoka. Ng'andwe akakaza uzi wa tano, akaufananisha, Sampa akamfuata.

Mwalimu Inonge akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Akatikisa kichwa. "Hapana. Mko katikati. Kati ya kibonye na kibonye kuna ufa, na nyinyi mmejenga nyumba humo humo. Kinanda changu hakiingii."

"Basi tuache kinanda," Ng'andwe akasema.

"Bila kinanda hakuna 'Umulilo'," Bwana Sitali akasema. "Nilisema mapema. Lakini mko karibu. Pandeni kidogo tu mpaka kibonye cha juu yenu. Mama Kasuba, si utakifikia? Kidogo tu."

Nikajaribu. Siwafichi, nilikifikia. Nilikifikia kama mtu anayeng'ang'ania tawi kwa kucha, nikahesabu mpaka nne, sauti ikakatika. Bwana Sitali akatabasamu, akasema, "Unaona? Kesho ukipumzika utafika nane." Na moyo wangu, kwa jinsi ulivyo mjinga, ukaruka. Kesho nitafika nane! Mayai kumi leo, kesho nane! Nilishafungua mdomo nikubali.

Nikamwona Jere. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakaza skrubu ya ngoma ambayo haikulegea. Alikuwa tayari kunisubiri nijivunje tena, kisha Jumatatu apande paani na spana yake, bila kumwambia mtu. Nikajua nikimwacha atapanda paa lile mpaka azeeke, mpaka siku moja aanguke.

"Mwalimu," nikasema, "na kibonye cha chini yetu?"

Akakibonyeza. Sauti nene ikajaa chumbani, nikaisikia tumboni kabla haijafika sikioni.

"Ni mbali kiasi gani kutoka kwetu?"

Alijibu Jere, bila kuinua kichwa. "Robo."

Ng'andwe alikuwa hajui habari ya robo, lakini alijua nilichoapa, na alinitazama kama mtu anayemtazama dada yake ukingoni mwa mto.

"Shusheni," nikasema.

"Dada..."

"Shusheni robo. 'Umulilo' wangu, na mimi ndiye ninayesema shusheni. Ushuke ukae pale unapokaa vizuri."

Wakalegeza. Mwalimu akabonyeza, na mara hii gitaa na besi na kinanda vikakaa pamoja kama watu wa nyumba moja mezani. Nikaimba ile sauti ya mwisho peke yangu, kupima tu, nikasahau kuhesabu. Haikuwa ya kupanda tena. Nilisimama ndani yake kwa miguu yote miwili, ikatoka nzima, nene, ya mwanamke wa miaka thelathini na tatu aliyepasuliwa koo na kuzaa watoto wawili, na nilipomaliza bado nilikuwa na pumzi ya kusema. Bwana Sitali alikuwa ameshakimbilia mashine zake.

Nyuma yangu nikasikia Jere anakohoa kile kikohozi chake.

"Ee, ndugu zangu," akasema kwa sauti ya msibani, "mimi nakumbuka kuna nyani mmoja alipanda kreti la soda. Akasema siku akiushusha wimbo huu, achimbiwe kaburi. Sasa nauliza tu. Nani anachimba?"

Ng'andwe akaangua kicheko. Sampa, hata Sampa, akacheka mpaka akashika ukuta. Macho yangu yalikuwa yamejaa maji, sikuyafuta.

"Kwani wachimbaji ni nani?" nikamjibu. "Si watani? Nimeshakufa, we mla panya, unangoja nini? Chimba!"

Taa nyekundu ikawaka. Jere akainua fimbo zake mbili, akahesabu nne, akachimba.